Je, Wajua? Tangazo la Serikali Lazima Limfikie Kila Raia

Je, wajua kwamba kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu bilioni 1.3, yaani 1 kati ya kila 6, wanaishi na ulemavu mkubwa? Tangazo la chanjo, mtihani au kodi lisilowafikia hao ni tangazo nusu.

Je, wajua kwamba asiyeona hutumia tovuti kwa masikio au kwa vidole? Programu ya simu au kompyuta humsomea maandishi kwa sauti, au huyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu. Lakini barua iliyopigwa muhuri, ikaskaniwa na kupachikwa mtandaoni kama picha, haina maandishi ya kusomwa. Waziri ametia saini, tovuti imepokea, na raia hajaambulia hata neno moja.

Je, wajua kwamba dawa ya tatizo hilo ilianza kuandikwa zamani? Mwongozo wa kimataifa wa ufikikaji wa tovuti, WCAG, ulitolewa tarehe 5 Mei 1999, na toleo la 2.2 likatoka Oktoba 2023. Misingi yake ni minne: taarifa iweze kutambulika, kutumika, kueleweka, na kufunguka katika vifaa vya aina mbalimbali.

Je, wajua kwamba mengi katika mwongozo huo yanapimika? Kwa kiwango cha AA, maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake yatofautiane kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Video iliyorekodiwa iwe na manukuu kwa ajili ya viziwi. Kitu chenye mwako mkali kisimulike zaidi ya mara 3 kwa sekunde, kwa sababu kinaweza kumwamshia mtu kifafa.

Je, wajua kwamba Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, aliishtaki kamati ya maandalizi ya Olimpiki ya Sydney kwa sababu ya tovuti yake? Mwaka 2000 tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo ilimpa ushindi. Kamati haikutekeleza yote iliyoagizwa, ikatakiwa kumlipa fidia ya dola 20,000 za Australia.

Je, wajua kwamba Donna Jodhan, naye asiyeona, aliishinda serikali ya Canada? Tovuti za serikali zilimkwamisha alipotaka kuomba kazi na kujaza fomu ya sensa ya 2006. Mahakama ya Shirikisho ilimpa haki mwaka 2010, na rufaa ya 2012 haikuufuta ushindi wake.

Je, wajua kwamba nchini Marekani Kifungu cha 508 cha sheria ya shirikisho kuhusu wenye ulemavu, kilichotiwa nguvu mwaka 1998, kinagusa hata manunuzi? Idara za serikali kuu hutakiwa kununua, kujenga na kutumia teknolojia ambayo wenye ulemavu wanaweza kuitumia.

   

Je, wajua kwamba kanuni za Uingereza za mwaka 2018 huzitaka taasisi za umma kuchapisha tamko la ufikikaji? Humo taasisi hutaja sehemu za tovuti zenye kasoro na kueleza namna ya kuomba taarifa kwa njia nyingine.

Je, wajua kwamba sheria ya Kenya ya kupata habari ya mwaka 2016 inataka taarifa zitolewe kwa kuzingatia wenye ulemavu na lugha ya mahali? Ombi la raia hujibiwa ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini.

Je, wajua kwamba Tanzania nayo ilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa mwaka 2016? Raia hujibiwa ndani ya siku 30, na kila taasisi inayohusika hutakiwa kuwa na ofisa wa taarifa.

Je, wajua kwamba unaweza kuipima tovuti ya serikali leo bila kulipa hata senti? Washa programu ya kusoma kwa sauti, TalkBack kwenye simu ya Android au VoiceOver kwenye iPhone, ufumbe macho, utafute tangazo moja. Ofisa anayeidhinisha matangazo afanye hivyo kabla hajaruhusu lolote litoke. Nawe raia ukikwama, iandikie ofisi husika uombe nakala unayoweza kuisoma: unadai haki yako, huombi fadhila.