Nguvu ya injini kongwe ya V8 huanza na hewa, si spea mpya

Mwera, iliyo kusini mwa Mto Pangani mkoani Tanga, ni nchi ya mkonge, minazi na upepo wa bahari. Kwa miaka mingi gari lililotoka mjini Pangani kwenda huko lilivushwa kwanza kwa kivuko hadi Bweni, kisha likakabiliana na vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Katika njia za aina hiyo Land Rover ilijipatia heshima ambayo magari mengi mapya hayajaipata.

Miongoni mwa Land Rover za zamani imo moja yenye injini ya V8 ambayo asili yake si Uingereza, bali Marekani. Lalamiko la wenye gari la aina hiyo hufanana: injini ina silinda nane, inakunywa petroli kama maji, lakini mlimani inazidiwa. Swali linalofuata ni namna ya kuiongezea nguvu bila kuiua. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu inayotafutwa katika maduka ya spea tayari imo ndani ya injini hiyo. Ama imepotea kwa uchakavu, ama imezibwa.

Injini ya Marekani katika gari la Uingereza

Injini hiyo ilianza kuuzwa nchini Marekani mwaka 1961 katika magari ya Buick. Ilikuwa na ujazo wa lita 3.5, nayo ilikuwa nyepesi kwa kuwa bloku na vichwa vyake vilitengenezwa kwa aluminiamu. Kampuni ya General Motors iliachana nayo baada ya mwaka 1963, na mwaka 1965 Rover ya Uingereza ikanunua haki ya kuitengeneza. Mwaka 1966 Jack Brabham wa Australia alitwaa ubingwa wa dunia wa mashindano ya Formula One kwa injini ya Repco, iliyojengwa juu ya bloku ya Oldsmobile, ndugu ya hiyo ya Buick.

Rover iliiweka injini hiyo katika Range Rover mwaka 1970, ambako ilitoa nguvu farasi zaidi ya 130. Mwaka 1979 ikaingizwa katika Land Rover ya Series III iliyoitwa Stage 1 V8, na humo ikatoa nguvu farasi 91 tu. Tofauti hiyo haikutokana na ubovu. Watengenezaji waliibana njia ya kuingizia hewa kwa makusudi. Ikumbukwe kwamba Land Rover hiyo ilikuwa na breki za dramu katika magurudumu yote manne, na haikujengwa kwa mwendo wa Range Rover.

Aidha, takwimu za nguvu za injini za Marekani za miaka ya 1960 hazina budi kusomwa kwa tahadhari. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya huko vilipima injini ikiwa peke yake, bila chujio la hewa, feni wala bomba la moshi la gari lenyewe. Kuanzia magari ya mwaka 1972 vilianza kutangaza nguvu iliyopimwa injini ikiwa na vifaa vyake vyote, na takwimu zikashuka ghafla. Kwa hiyo, anayelinganisha gari lake na kitabu cha mwaka 1968 huenda anaidai injini nguvu ambayo haikupata kuwa nayo barabarani.

Hewa ndiyo chakula cha injini

Injini ya petroli ni pampu ya hewa. Kadiri inavyovuta hewa nyingi, ndivyo inavyoweza kuchoma petroli nyingi na kutoa nguvu zaidi. Kwa sababu hiyo, pwani ni mahali pazuri kwa injini: hewa ya usawa wa bahari ni nzito. Kwa makadirio yanayotumiwa na mafundi, injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Gari linalotoka Tanga kwenda Lushoto, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, hupoteza karibu asilimia 14. Lile linalofika Nairobi hupoteza karibu asilimia 17.

Jambo hili lina upande wa pili usiofahamika sana. Kabureta iliyorekebishwa Nairobi au Arusha huwekwa jeti ndogo, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi. Gari hilo likishuka pwani, hewa inakuwa nyingi na petroli inabaki haba. Injini hupata joto kali, hugonga, na mwisho wake valvu au pistoni huungua. Kwa hiyo, anayenunua gari kutoka bara na kulileta Pangani anapaswa kupima upya kabureta na taimingi kabla ya kufikiria kuongeza chochote.

Joto nalo huiba nguvu kimyakimya. Hewa ya nyuzi 60 za Sentigredi, inayovutwa kutoka ndani ya boneti, ni nyepesi kwa takriban asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi 30 iliyo nje. Bomba la kuleta hewa ya nje hadi kwenye chujio, likielekezwa mahali pasipofikiwa na maji wala vumbi, ni miongoni mwa maboresho ya bei nafuu kuliko yote. Kuondoa chujio kabisa ili injini ipumue ni kosa kubwa, kwani vumbi la njia za mashamba husaga ringi na kuta za silinda kama msasa.

Kwanza kupima, kisha kununua

Hatua ya kwanza ni kupima mgandamizo wa kila silinda. Endapo silinda moja iko chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, fundi humwaga kijiko cha oili katika tundu la plagi na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya kichwa. Injini yenye silinda mbili dhaifu haiwezi kuponywa na kabureta kubwa.

Hatua ya pili ni kamshafti. Injini hii inajulikana kwa kulika kwa kamshafti yake, hasa pale oili inapocheleweshwa kubadilishwa. Vinundu vinavyosukuma valvu hupungua kidogo kidogo, valvu hazifunguki vya kutosha, na dereva hazoei ila ule udhaifu mpya. Hakuna moshi wala kelele ya kumshtua. Kuweka kamshafti mpya ya vipimo vya kiwanda, pamoja na tapeti mpya, huweza kurudisha uhai ambao mwenye gari alidhani ni wa kuongezwa.

Kamshafti ya mashindano ni jambo jingine. Huipa injini nguvu katika mizunguko ya juu, lakini huipunguzia mvuto katika mizunguko ya chini. Katika mchanga na tope, mvuto wa chini ndio unaohitajika. Nguvu inayopatikana injini ikilia kwa mizunguko 5,000 haimsaidii mtu aliyekwama na mzigo wa nazi.

Hatua ya tatu ni umeme wa kuchoma. Mfuatano wa kuwaka kwa silinda za injini hii ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda ya 5 na ya 7 zimepakana na huwaka kwa kufuatana, hivyo nyaya zake za plagi zikilazwa pamoja, cheche ya moja huweza kuamsha nyingine kabla ya wakati wake. Dawa yake haihitaji fedha: nyaya hizo mbili zitenganishwe. Aidha, taimingi irekebishwe kulingana na petroli iliyopo. Mlio unaofanana na kokoto ndani ya kopo, unaosikika gari likivuta mlima, ni onyo kwamba cheche inatangulia mno.

Baada ya hayo ndipo zamu ya kuifungua njia ya hewa iliyobanwa na kuweka bomba la moshi lisilozuia pumzi ya injini hufika. Kila mabadiliko ya hewa hulazimu kabureta kupimwa upya. Asiyefanya hivyo hubadilisha nguvu kwa joto.

Petroli na maji

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliafikiana kuacha petroli yenye risasi, na mwanzoni mwa mwaka 2006 zoezi hilo lilikamilika katika ukanda huu. Risasi ilikuwa sumu kwa watoto, lakini iliyakinga makalio ya valvu katika vichwa vya chuma vya injini nyingi za zamani. Injini za aina hiyo, zikiwemo V8 nyingi za Marekani za miaka ya 1960, huhitaji makalio magumu zinapofumuliwa. Vichwa vya aluminiamu vya Rover vina makalio ya chuma yaliyopachikwa, hivyo tatizo hilo haliwasumbui sana wenye nayo.

Kinachowasumbua ni maji. Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi, na chumvi huila aluminiamu. Rejeta ijazwe maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Pia, desturi ya kung'oa thamostati ili gari lisichemke ni ya kuachwa: injini ikikosa joto lake la kufanyia kazi hutumia petroli nyingi, oili huchafuka mapema, na kamshafti ileile iliyotajwa hulika upesi zaidi. Gari linalochemka lina ugonjwa ambao haujapatikana.

Nguvu lazima isimame

Historia ya Afrika Mashariki ina somo lake. Katika mbio za East African Safari za mwaka 1964, zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika, kampuni ya Ford ya Marekani ilileta magari sita ya Mercury Comet yenye injini za V8. Mawili tu ndiyo yaliyomaliza. Ushindi ulikwenda kwa Peter Hughes na Bill Young wakiwa na Ford Cortina GT, gari la silinda nne na lita 1.5. Katika barabara za nchi hizi, wingi wa silinda haukutosha.

Kwa Land Rover ya mwaka 1979, kuitoa injini kwenye nguvu farasi 91 na kuifikisha kwenye 130 ni kuongeza zaidi ya theluthi moja katika gari ambalo breki zake hazikubadilika. Dramu zilizolowa tope, zikibeba abiria na mizigo, hazitambui kwamba injini imeboreshwa. Fedha za awali, kwa hiyo, ziende kwenye viatu vya breki, silinda za magurudumu na mabomba ya mafuta ya breki. Na kwa anayeamua kubadili injini nzima, kadi ya gari huonyesha namba ya injini na ujazo wake. Zisipolingana na zilizomo ndani ya boneti, mwenye gari atapata taabu siku ya ukaguzi, na taabu kubwa zaidi siku ya kudai bima baada ya ajali.