Vinasaba Havina Kabila

Nikienda Tandale kuzungumza na vijana kuhusu magonjwa ya kurithi, kabla sijamaliza kuna mkono utanyooka. "Samahani Dokta. Baba Mhaya, mama Mzaramo, mimi nimezaliwa hapahapa Kwa Mtogole. Nikipima DNA si itaniambia kabila langu hasa?" Haitakwambia. Nimeshajibu hivyo mara nyingi, na bado swali linarudi lilelile. Siku hizi linarudi na gharama: mtu anapanga kuchukua fedha zake za kijumbe alipie kampuni ya ng'ambo ipime mate yake.

Chini ya swali hilo imelala imani moja ambayo imenichosha, kwamba kabila limo ndani ya damu na damu ya baba ndiyo yenye nguvu. Si kweli, nusu zote mbili. Vinasaba vyako umevipata kwa wazazi wawili karibu sawasawa, na tukipima kwa uzito mama ndiye anayezidi kidogo. Mitokondria zako zimetoka kwake, na kama wewe ni mwanamume, kromosomu X aliyokupa ni kubwa kuliko Y uliyopewa na baba. Ngazi ya mababu ndiyo yenye mambo zaidi. Kwa wastani kila babu na kila bibi anakuachia robo, lakini ni wastani tu. Wewe unaweza kuwa umebeba asilimia 28 kutoka kwa babu mzaa mama, na mdogo wako wa tumbo moja akabeba 21. Kama kabila lingekuwa linapimwa maabara, na babu huyo ndiye Mzaramo peke yake kwenu, basi nyinyi wawili, mliolala chumba kimoja na kula sahani moja, mngetofautiana kiwango cha Uzaramo. Hakuna mzee wa Kizaramo atakayekubali upuuzi huo, na yuko sahihi kuukataa.

Hakuna kinasaba walichonacho Wahaya wote na kisichopatikana kwa Mzaramo hata mmoja. Kampuni hizo hulinganisha mate yako na ya watu waliokwisha kupimwa, kisha hukwambia unafanana zaidi na nani. Makundi ya Tanzania yaliyomo katika kumbukumbu zao ni machache, na sisi wasemaji wa lugha za Kibantu tumeoana kwa karne nyingi mno. Utaletewa ramani yenye rangi iliyofunika nusu ya Afrika Mashariki. Wahadzabe na Wasandawe wana historia ya kale inayoonekana wazi zaidi katika vinasaba, lakini hata kwao kipimo kinaonyesha watu walikotoka. Hakisemi nani ni mwenzao leo.

Anayeng'ang'ania damu ya baba namwomba aitazame pwani yetu. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Chapurukha Kusimba, David Reich na wenzao, waliopima mabaki ya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara. Ilionekana kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 wanaume kutoka Asia, hasa Uajemi, walizaa na wanawake wa Kiafrika. Upande wa kuumeni, wengi wa wanaume waliopimwa walikuwa na asili ya Asia, na upande wa kukeni karibu wote walikuwa na asili ya Afrika. Basi watoto wale walizungumza nini? Kiswahili, lugha ya Kibantu, lugha ya mama zao. Mababa walikuja na dini na biashara zao, na bado miji ile haikugeuka kuwa ya Kiajemi.

Kinachoamua kabila ni kanuni ya ukoo, na kanuni hizo hazifanani. Wahaya na Wachaga wanahesabu kwa baba. Waluguru, Wamakonde na Wazaramo kwa mila wanahesabu ukoo kwa mama. Hapo ndipo mtoto wa baba Mhaya na mama Mzaramo anapata pande mbili: Wahaya wanasema ni wao, na Wazaramo nao wanasema ni wao. Geuza sasa, baba awe Mluguru na mama Mchaga. Kwa kanuni, Waluguru watasema mtoto ni wa kwao mama, Wachaga watasema ni wa kwao baba. Kwa hesabu hiyo mtoto huyo hana kabila. Nendeni mkamtafute Tandale mtoto wa namna hiyo asiye na ndugu! Kuna shangazi au mjomba aliyemlea, akamfundisha salamu, akamtaja kwenye vikao vya harusi, na hao ndio waliomaliza kesi. Msibani ndipo inapoonekana kwamba kabila hutambuliwa na watu. Kwa mila ya utani, Mnyamwezi akijilaza kwenye kaburi la Mzaramo na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, anawajua watani zake kwa koo na kwa ujirani. Hamwombi mtu cheti.

Wapo wanaotetea damu ya baba kwa hoja ya nasaba katika Uislamu. Nasaba inasema wewe ni fulani bin fulani, na inagusa mirathi na ndoa. Haijasema kokote kwamba wewe ni Mhaya.

Na Serikali? Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuhesabu makabila Tanzania. Kenya bado wanauliza, nao huandika lile mtu analolitaja mwenyewe.

Sasa mnachoweza kufanya. Fomu ikiuliza kabila, andika lile unalotambulika nalo. Ndugu wa tumbo moja wakiandika tofauti hakuna aliyedanganya. Ukitaka kuoa au kuolewa, waulize wazee wa pande zote mbili mapema, maana miiko ya kuoana ni ya koo. Unataka Uhaya wako uwe na uzito, jifunze lugha na uende misibani. Mirathi ikileta ubishi, mahakama hutazama marehemu aliishi maisha gani na alikusudia nini, hivyo tafuteni ushahidi wa hayo na muachane na habari za damu. Kama shaka yako ni nani baba yako mzazi, hapo DNA ina jibu: kipimo kiko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupitia kwa mamlaka zilizotajwa na sheria ya DNA ya 2009, wakiwemo wakili, afisa ustawi wa jamii na mahakama. Na fedha ya kijumbe itumieni hapa: kama mnapanga kuzaa, pimeni selimundu wote wawili. Mkiwa wabebaji nyote, kila ujauzito una uwezekano wa robo wa kumpata mtoto mgonjwa, na atakayewaambia ugonjwa huo si wa kabila lenu msimsikilize.