Vilele Vilivyozama Ziwani

Wajukuu zangu, kila jioni nikisema "Hadithi!" mnaitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Leo itikieni vilevile, ila kile kipande cha katikati mkiruke. Nitakayowasimulia yanafanana mno na uongo, na nisingependa muyachanganye.

Tuanzie Musoma, pale Mwigobero, mitumbwi inapoegeshwa na akina mama wanapopima dagaa kwa sado. Mtoto anayeosha sufuria pale, miguu ikiwa majini, ukimuuliza yuko juu au chini atakwambia yuko chini, maana maji siku zote hukimbilia bondeni. Kumbe yuko juu sana. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Kule Wales, Uingereza, mlima wao mrefu kuliko yote unaitwa Snowdon. Watu hufunga safari, hununua viatu maalumu, huupanda wakihema na kupiga picha kileleni. Kilele hicho kina mita 1,085. Kwa hiyo mtoto wetu na sufuria yake amewapita wote, tena yuko peku.

Sasa tuupande Mukendo, mlima ulio katikati ya mji, ambao wenyeji wameuzoea mpaka hawauangalii tena. Mgeni akishuka kwenye basi huuliza "Ule mlima gani?" na mwenyeji hujibu "Upi?" Nendeni asubuhi, kabla mawe hayajashika joto. Mkiwa juu mtaona jinsi mji ulivyokaa kwenye rasi, umechomoza ziwani. Upande mmoja ni ziwa lenyewe, halina mwisho. Upande wa pili ni Ghuba ya Mara, na ng'ambo yake ni Kinesi, nchi ya Rorya. Hali ya hewa ikiwa safi, mtaona pia visiwa, na mbali zaidi ni Lukuba.

Hapo ndipo huwa nauliza swali langu. Kisiwa kinashikiliwa na nini kisizame?

Wengi hujibu kwamba kinaelea. Siwacheki, kwa sababu ziwani kweli kuna vitu vinavyoelea na kufanana na visiwa: magugu maji hujikusanya yakasukumwa na upepo kutoka ghuba moja hadi nyingine, na mafungu ya mafunjo hukatika ufukweni yakasafiri na ndege wake juu. Lakini Lukuba haielei. Lukuba ni mlima. Umesimama chini kwenye sakafu ya ziwa sawasawa na Mukendo ulivyosimama mjini, ila maji yamekuja yakaufunika hadi mabegani, na kichwa ndicho tunachokiita kisiwa. Wavuvi wanaolala kule wanalala kileleni.

Najua kuna mmoja wenu ananitazama kwa jicho la pembeni. Basi sikilizeni ushahidi.

Ziwa hili ni pana ajabu, kilomita za mraba kama 68,000, lakini si refu kwenda chini. Kina chake kikubwa hakifiki mita 90. Ziwa Tanganyika, ambalo kwa upana ni dogo kuliko hili, lina mita 1,470. Ziwa letu basi ni kama sinia mbele ya mtungi, na maji yaliyotandazwa kwenye sinia, mvua ikigoma, hukauka upesi. Ndivyo ilivyotokea. Wanasayansi walishusha mabomba hadi kwenye sakafu ya ziwa, wakavuta tope la chini. Juu lilikuwa tope laini la ziwani. Chini yake wakakuta udongo mgumu wa nchi kavu, wenye alama za mizizi ya majani. Majani ya nchi kavu hayaoti chini ya maji ya mita 60! Mwaka 1996 wakatangaza walichokipata: miaka kama 17,000 iliyopita, dunia ilipokuwa na baridi kali na Afrika ikiwa na ukame, Ziwa Victoria lilikauka. Mvua ziliporejea, miaka kama 15,000 iliyopita, likajaa upya.

Kwa hiyo kulikuwa na wakati mtu angeweza kutoka Mukendo hadi Lukuba kwa miguu, kwenye nyasi, akapanda mlima wa pili bila kulowa. Sisemi alikuwepo aliyefanya hivyo. Nasema njia ilikuwepo.

Mkitaka la kushangaza zaidi, waulizeni furu, wale samaki wadogo wenye rangi. Ziwani humu wamekuwepo aina zaidi ya 500, na wataalamu wengi wanaamini kwamba sehemu kubwa ya aina hizo zimetokea baada ya ziwa kujaa tena. Kwa viumbe kugawanyika aina nyingi kiasi hicho, miaka 15,000 ni kufumba na kufumbua. Halafu katika miaka ya 1950 wakaletwa sangara, na furu wengi wakaishia matumboni mwao. Sangara mtamu, sikatai, na amejenga nyumba nyingi za Musoma. Lakini mlaji huyo ni mgeni.

Tuliache ziwa kidogo, twende Butiama, maana nimesema ziwa ni changa na sasa nataka muone kilicho kizee.

Kule Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, kuna mawe makubwa yaliyopandiana, jingine limekalia ncha ya mwenzake utadhani likipigwa chafya litaanguka. Mkoa wa Mara una mawe ya namna hiyo kila upande, na ndugu zake mnayaona Mwanza. Wazee walisema majitu ndiyo yaliyoyapanga. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeyapandisha. Ni udongo ulioshuka. Zamani sana yote yalikuwa jiwe moja chini ya ardhi, lenye nyufa. Maji ya mvua yalipenya kwenye nyufa, yakalilainisha jiwe pembezoni na kwenye kona, likawa changarawe. Mvua nyingine zikaizoa changarawe na udongo, zikaipeleka bondeni. Yaliyobaki ni mapande magumu ya katikati, yamekaa pale pale yalipokuwa. Mahali unapoliona jiwe limekaa juu ya jiwe, ndipo ufa ulipokuwa.

Liinamie moja uliangalie kwa karibu. Utaona punje zinazopitisha mwanga kama kioo, nyingine nyeupe au za waridi, na katikati yake vijipande vyembamba vinavyometameta. Hivyo ni ulanga. Ukivikwaruza kwa ukucha, vinabanduka kidogo kidogo. Punje zote hizo zilikuwa uji wa moto chini ya ardhi, zikapoa polepole zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Kilimanjaro, pamoja na urefu na sifa zake, haujafikisha miaka milioni 3. Mbele ya jiwe la Butiama, Kilimanjaro ni kitoto cha juzi.

Juu ya mawe hayo kuna wenyeji. Yuko mjusi wa mawe, dume lenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, ambalo likiwaona hupiga pushapu ili mjue nani mwenye mtaa. Yuko pimbi, mnyama wa ukubwa wa sungura, asiye na mkia wa kuonekana. Michirizi myeupe mnayoiona kwenye mawe, ambayo watoto hudhani ni chokaa, ni mkojo wa pimbi uliokauka kwa miaka mingi mahali pamoja. Na ndugu wa karibu wa pimbi katika ukoo wa wanyama ni tembo. Hapa ndipo wajukuu wangu hunigomea kabisa. Waulizeni walimu wenu.

Butiama pia upo msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki wanauheshimu kwa mila zao. Ndiyo maana miti yake bado imesimama. Mkiwa wageni, ombeni ruhusa na mfuate mnachoambiwa.

Kutoka vilima hivi, mwaka 1934, mtoto wa miaka 12 wa Chifu Nyerere Burito alipelekwa Musoma kuanza shule ya Mwisenge. Jina lake Kambarage. Umbali ni maili 26. Nawakumbusha kwa sababu kuna watu hapa nyumbani wanaodai pikipiki wakitumwa dukani. Mtoto huyo alipokuwa Rais, Oktoba 1967, alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, safari ya zaidi ya kilomita 200. Tangu 1999 amelala Mwitongo, karibu na mawe yake.

Mkiitazama ramani mtaona Bunda iko kwenye njia hiyo ya kwenda Mwanza, na juu ya Bunda kuna mlima Balili. Ukinilazimisha kuchagua kilele kimoja tu mkoa mzima, ningechukua Balili. Ukiupa mgongo upande mmoja, unaliona ziwa linavyoingia nchi kavu kwa ghuba ndefu. Ukigeuka, mbuga ya Serengeti inaanza. Pua ya hifadhi hiyo inafika karibu kabisa na ziwa, pale Ndabaka, na mto Grumeti, ambao nyumbu huufikia kwenye Mei na Juni, unamwaga maji yake katika ghuba hiyo hiyo. Maji aliyoyavuruga nyumbu hufika ziwani. Mto Mara nao ni hivyo hivyo: unatoka milima ya Mau, Kenya, unapita katikati ya mbuga, unatulia kwenye mafunjo, unapita chini ya daraja la Kirumi na kuingia Ghuba ya Mara. Kilomita 395. Ukiwa Mukendo, kumbe ulikuwa unatazama mwisho wa mvua za Kenya.

Ile ghuba ya Bunda imeandikwa kwenye ramani kwa jina la Speke. Huyo alikuwa Mwingereza aliyefika Mwanza Agosti 1858, akiwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa mkalimani wake. Akapanda kilima, akatazama maji, akatamka kwamba hapo ndipo Nile inapotoka. Alikuwa ameona kipande kidogo tu. Mwenzake Burton alimbishia miaka yote, na kwa haki, maana alichokuwa nacho Speke kilikuwa dhana. Ilibidi msafiri mwingine, Stanley, azunguke ziwa zima mwaka 1875 kwa mashua iliyoitwa Lady Alice, Machi hadi Mei, watu kutoka Zanzibar wakipiga makasia na Safeni akishika usukani, ndipo ikajulikana kuwa ni ziwa moja na maji yake hutokea kaskazini. Speke alibahatisha, akapatia. Wajita, Wakwaya, Wakerewe na Wajaluo, waliokuwa wakivua humo tangu mababu, hakuna aliyewapa ghuba.

Nimewatamanisha sasa, kwa hiyo nina wajibu wa kuwaonya. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huja kujaza nafasi. Ndiyo sababu mawimbi huongezeka alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo hutoka pande zote za ufukwe kwenda ziwani, hewa hukutana katikati, hupanda, na radi na dhoruba huzaliwa huko huko. Wavuvi wanalijua hilo kwa ngozi zao. Wa dagaa hawana hiari, kazi yao ni ya usiku, tena usiku wa giza, maana mbalamwezi ikiwaka dagaa haziifuati taa. Ninyi mna hiari. Anayekwenda Lukuba avuke asubuhi, na mkubwa, na boya amelivaa, si amelikalia. Msichezee maji ya kina kifupi yenye majani, kuna konokono wanaobeba kichocho. Na penye matete msisogee: mamba hajasoma hadithi hii.

Msidhani pia kwamba ziwa limemaliza safari zake. Mwaka 2020 lilipanda kuliko lilivyowahi kupimwa, likaivuka rekodi ya 1964, na nyumba na barabara za ufukweni zikaingia majini katika nchi zote tatu zinazolizunguka.

Likizo ijayo, basi, panda Mukendo. Beba maji, aga nyumbani, usiende peke yako, ushuke kabla ya giza. Ukifika juu hesabu visiwa vyote unavyoviona, kisha uje uniambie umeona vilele vingapi.