Kichwa cha Treni Kinachokifaa Kiwanda

Wengi wanaojenga reli za modeli hununua kwanza kichwa cha treni kilichowavutia, ndipo watafute kiwanda cha kukipa kazi. Ushauri wangu ni kuanza na kiwanda. Mwenye kiwanda halisi alinunua kichwa kwa kutazama uzito wa mabehewa yake, ukali wa kona za uwanja wake na hatari ya bidhaa zake. Ukishayajua hayo matatu, hutababaika dukani.

Chukua kichwa cha General Electric cha tani 44, kilichoundwa Marekani kati ya 1940 na 1956. Kibanda cha dereva kipo katikati, na kila upande kuna pua fupi yenye injini yake ya dizeli. Kwa umbo hilo watu hukipeleka kiwandani bila kufikiri mara mbili. Uzito wake, hata hivyo, una historia nyingine. Makubaliano ya mwaka 1937 kati ya kampuni za reli na vyama vya wafanyakazi yalitaka kichwa chenye paundi 90,000 au zaidi kiwe na mtu wa pili pamoja na dereva. Tani 44 za Kimarekani ni paundi 88,000. Kilipimwa makusudi kipite chini ya mstari huo.

Sasa, kiwanda chenye reli zake ndani ya uzio hakikubanwa na makubaliano hayo. Kingeweza kununua kichwa cha tani 25, 45, 65 au 80, kulingana na kazi. Kwa hiyo tani 44 inakaa vizuri zaidi kwenye kampuni ndogo ya reli ya mjini. Ukiitaka kiwandani, ifanye mitumba: paka rangi mpya juu ya jina la kampuni ya zamani, na uache herufi zionekane kwa mbali. Hapo mtazamaji ataamini.

Kinu cha mbao kinachopokea behewa moja au mawili kinatosheka na tani 25, yenye ekseli mbili na injini moja ya nguvu za farasi 150 hivi. Kiwanda cha chuma ni jambo jingine kabisa. Huko mizigo ni mizito mno, na kichwa chepesi kitateleza magurudumu papo hapo. Kumbuka pia mwinuko. Hata asilimia 2 tu hupunguza sana idadi ya mabehewa ambayo kichwa kidogo kinaweza kuyavuta.

Kinachonivutia kuliko vyote ni kichwa cha mvuke kisicho na moto. Badala ya boila kina tangi kubwa, ambalo hujazwa maji ya moto na mvuke kutoka boila za kiwanda chenyewe, kisha kinafanya kazi mpaka shinikizo lishuke. Hakitoi cheche, ndiyo sababu kilipendwa kwenye viwanda vya baruti, kemikali na karatasi. Ukikiweka, jenga na bomba la kukijazia kando ya reli. Bila bomba hilo hakina maana.

Kuhusu kona, kwenye kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87, kona ya nusu kipenyo cha sentimita 46 ni sawa na mita 40 hivi za kweli. Kichwa kirefu cha njia kuu kinaonekana kituko hapo. Kifupi cha ekseli mbili kiko nyumbani.

Ufupi huo huo ndio udhaifu wake mezani. Magurudumu manne yanapokea umeme kwenye sehemu chache, hivyo vumbi kidogo, au kipande cha plastiki pale reli zinapogawanyika, kinatosha kukizima. Chagua modeli inayochukua umeme kwa magurudumu yote na yenye nafasi ya kapasita ndani. Ongeza risasi kwenye kibanda iwapo ni chepesi. Kabla ya kulipa, omba kiendeshwe polepole kabisa, kwa sababu kazi ya kiwandani ni kusogeza behewa kwa mwendo wa mtu anayetembea.