Mgonjwa Akizidiwa Wodini, Nani Huitwa?

Msafiri wa basi la Lindi huijua Somanga kwa samaki wa kukaanga wanaonadiwa madirishani, na aghalabu huondoka bila ya kujiuliza mkaazi wa pale akishikwa na maradhi ya ghafla hupelekwa wapi. Hupelekwa kusini, Kilwa Kivinje, katika Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga. Na hali ikiwa ngumu zaidi hupewa rufaa ya Hospitali ya Sokoine, Lindi mjini, au hurejeshwa kaskazini hadi Muhimbili, kwa njia isiyo ya kuaminika wakati wote, maana Mei 2024, kilipopita kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara papo hapo Somanga.

Kwa mama mjamzito serikali imefanya tadbiri iliyo njema. Mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kutandazwa nchi nzima kuanzia 2022, umempa namba 115: ikipigwa, mpokeaji wa zamu hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana humwita dereva wa kijijini aliyeandikishwa, ambaye hulipwa ujira wake kwa simu. Lakini tuchukulie kwa mfano kwamba mama huyo huyo amekwisha kufika, amelazwa kitanda cha tisa cha hospitali yoyote katika hizi zetu, na saa nane za usiku pumzi zikaanza kumwenda mbio. Ndugu anayemuuguza hana namba ya kupiga. Huinuka akaenda hadi mezani kwa nesi, akamkuta nesi huyo mmoja anamwekea mwingine dripu mwisho wa wodi, na daktari wa zamu yumo chumba cha upasuaji.

Kuziba pengo kama hilo, huko Australia, katika Hospitali ya Liverpool, Sydney, tabibu Ken Hillman na wenzake waliunda yapata 1990 kikosi cha matabibu cha kuitwa kabla moyo haujasimama, si baada yake. Sisi husema kifo hakipigi hodi, ilhali wodini hupiga, na pengine saa nyingi kabla ya kuingia: pumzi zaidi ya 30 kwa dakika au chini ya 8, mapigo ya moyo zaidi ya 130, presha ambayo namba yake ya juu imeshuka chini ya 90. Pumzi ndiyo dalili inayotangulia mara nyingi, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, kwa kuwa wodi za kawaida aghalabu hazina mashine ya kuihesabu. Nesi hana budi kusimama na saa mkononi, akikitazama kifua kikipanda na kushuka dakika nzima, na mwenye wagonjwa 40 hana dakika 40. Ndipo chati zinapojazwa 20, 20, 20, kitanda hadi kitanda, kana kwamba wodi nzima inavuta pumzi kwa pamoja.

Je, vikosi hivyo huokoa? Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa hospitali 23 za Australia, 12 kati yake zikiwa zimepewa kikosi, na tofauti ya vifo visivyotarajiwa haikuonekana. Waliokuwa na shaka walipata hoja. Lakini ndani ya hesabu hizo mlikuwa na jambo lililonishughulisha mimi kuliko jumla yake: kati ya wagonjwa waliokuwa na dalili za wazi, wakaishia chumba cha mahututi, ni takriban watatu tu katika kumi walioitiwa kikosi. Wenye miguu ya kukimbia walikuwapo. Aliyekosekana ni wa kuwaita. Fauka ya hayo, hukohuko Australia yapata robo ya wanaoitiwa kikosi hawatoki hospitali wakiwa hai, na si insafu kuihesabu robo hiyo yote kuwa ni hasara, kwa sababu kwa baadhi yao wito ule ndio uliowakutanisha jamaa na madaktari, ikaafikiwa kwamba mgonjwa asitaabishwe tena kwa mashine bali apunguziwe maumivu.

Kwetu Afrika utafiti uliotolewa katika jarida la Lancet mwaka 2025, uliopita hospitali 180 za nchi 22, ulikuta mmoja katika kila wagonjwa wanane ni mahututi, na kwamba 69 katika kila 100 ya mahututi hao wamelala wodi za kawaida. Mmoja kati ya watano alifariki ndani ya siku saba. Wale ambao pumzi zao zilikuwa zimeshindwa, chini ya nusu ndio waliokutwa wakipewa oksijeni. Anayedhani basi kwamba dawa ni kujenga vyumba vya mahututi, ataviona vikijaa nao wengi wakibaki walipo.

Uingereza, baada ya msichana wa miaka 13, Martha Mills, kufariki mwaka 2021 ilhali wazazi wake walikuwa wamelalamika kwamba hali yake inaharibika, imeanza tangu 2024 kuwapa jamaa haki ya kuomba tabibu mwingine aje amtazame mgonjwa. Rai yangu ni kwamba haki hiyo ingefaa pwani kuliko ilikozaliwa, maana hapa shangazi hulala chini ya kitanda akiwa na chupa ya uji, na akisema "hii si kawaida yake" ana ujuzi usiokuwamo katika chati. Ila haki ya kuita isiyo na wa kuitika ni maudhi matupu.

Gharama ya kuanzisha utaratibu wa kuita na kuitika ni ndogo kuliko ya gari la wagonjwa: saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, kipimo cha kubana kidoleni, mtungi wa oksijeni uliojaa pamoja na spana yake, na ubao ulioandikwa jina na simu ya mwenye dhamana ya kuitika usiku ule. Gumu ni hilo la ubao, kwa kuwa jina likisha kuandikwa huwezekana kuulizwa asubuhi kwa nini mwenyewe aliitwa saa nane akafika saa kumi na moja.