Nyasi za Pemba Katika Ua wa Mji wa Kale

Mwezi Machi, mvua za mwaka zikiwa bado, joto la mchana Mombasa hufika nyuzi 32 au 33, na bustani nyingi za kisiwani hukauka. Nyasi za Pemba huwa bado kijani. Wanasayansi huziita Stenotaphrum dimidiatum, nazo ni wenyeji wa pwani za Bahari ya Hindi.

Siri imo ndani ya jani. Mimea mingi hunasa hewa ya ukaa kwa kimeng'enya kiitwacho rubisko. Joto likizidi, rubisko hukosea mara kwa mara ikanasa oksijeni, na mmea hupoteza sehemu ya chakula chake. Nyasi hizi, sawa na muwa na mahindi, zina kimeng'enya kingine kinachotangulia kuinasa hewa ya ukaa na kuirundika penye rubisko. Hatch na Slack waliieleza njia hiyo mwaka 1966 huko Australia, wakichunguza miwa. Kwa mtu wa Mombasa faida kubwa ni maji: jani halihitaji kufungua sana vitundu vyake, basi hupoteza unyevu kidogo.

Mimea ya namna hii kwa kawaida hutaka jua kutwa. Nyasi za Pemba huvumilia kivuli pia, ndiyo maana nazipendelea Mji wa Kale, ambako nyumba zimebanana na ua hupata jua la utosini tu, kisha kuta hulikinga.

Inua kitambaazi kimoja, yaani shina litambaalo ardhini, ukitazame. Kila fundo lina mizizi chini na majani juu, mapana, yenye ncha butu kama omo ya mtumbwi. Suke ni bapa, mbegu zimezama katika vishimo vya upande mmoja.

Usihangaike na mbegu. Fukia vipande vya vitambaazi vyenye mafundo mawili matatu, shibiri moja moja, Aprili mvua zikianza. Kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe ya kale. Chokaa yake huinyima mizizi madini ya chuma na majani huwa manjano, kwa hiyo tia samadi iliyooza vizuri. Maji ya kisima yenye chumvi kidogo hayazidhuru nyasi hizi. Ukizikata, ziache ndefu.

Inanisikitisha kuona ua baada ya ua ukifunikwa matofali ya kabro. Kabro hufyonza joto mchana na kulitoa usiku, na mvua hukimbilia mtaani. Nyasi huvukiza maji zikapoza hewa, na mvua huzama ardhini. Anza na kipande kidogo kando ya kisima. Vitambaazi mwombe jirani mwenye nyasi hizi, kwani huenea upesi na hana budi kuzipunguza.