Wimbo na Chapa ya Santuri: Kutoka Tabora hadi Mburahati

Neno lebo limeingia katika Kiswahili cha wanamuziki kwa maana mbili: karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri, na kampuni yenyewe itoayo muziki, hata kama haitoi sahani yoyote ya kushikika. Neno la zamani, chapa, lingaliweza kuzibeba maana zote mbili, lakini halikupata bahati hiyo. Mtungaji anayekusudia lebo fulani kabla ya kutunga hufanya jambo linalowahusu wanalugha pia. Kwani humchagua msikilizaji, na amchaguaye msikilizaji huchagua maneno.

Tabora ni mahali pafaapo kulitazama jambo hili. Mji huo, uliokuwa kituo kikuu cha misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji, na uliofikiwa na reli mwaka 1912, ulizaa bendi zenye sifa: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz, na Nyanyembe Jazz, ambayo jina lake lahifadhi lile la Unyanyembe. Lakini mwanamuziki wa bara aliyetaka santuri alilazimika kuzielekea kampuni za Kenya. Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ya Morogoro, katika njia iyo hiyo, ilirekodi kwa chapa ya Mzuri ya Mombasa.

Kampuni hizo zilikuwa na masharti ambayo hayakuhitaji kuandikwa. La kwanza lilikuwa urefu. Uso mmoja wa santuri ya mizunguko 78 hauchukui zaidi sana ya dakika tatu, na dansini wimbo huchezwa hata miguu ichoke. Baadaye, katika sahani ndogo za mizunguko 45, wimbo uliweza kukatwa sehemu mbili, mara nyingi maneno yakikaa uso wa kwanza na magitaa yakitawala uso wa pili. Beti zikawa chache, na kiitikio kikawa kifupi.

La pili lilikuwa lugha. Santuri ilipaswa kununuliwa Mombasa, Kisumu na Kigoma, na Kinyamwezi kisingeifikisha huko. Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili kilitawala muziki wa dansi kwa sababu ya siasa ya uhuru. Ni kweli, lakini si kweli yote. Muuza santuri naye alikuwa na mkono wake. Njia hiyo ya biashara ilizibika mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, ukafunguliwa tena 1983.

Hali ya leo imegeuka kwa namna ya ajabu. Singeli, muziki wa kompyuta uliokua katika mitaa ya Dar es Salaam, na ambao mapigo yake hupita 200 kwa dakika, umepata lebo yake ya ng'ambo si Mombasa bali Kampala. Nyege Nyege Tapes ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso huko Mburahati, mwaka 2017. Ikafuata Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, na Tatizo Pesa ya Jay Mitta mwaka 2019. Majina hayo ya Kiswahili husomwa na wanunuzi wa Ulaya wasiojua maana yake. Uswahilini, mwenye kipaza sauti ndiye ashikaye hadhira kwa mafumbo na kejeli. Ng'ambo, mdundo hutangulia, na maneno husikika kama ala mojawapo.

Hapa pana hatari, na pana nafasi pia. Mtayarishaji kijana wa Tabora anayeikusudia lebo ya namna hiyo anaweza kuyaacha maneno kabisa, akidhani hayahitajiki. Dhana hiyo ni dhaifu, maana lebo iliyokwisha kutoa mdundo fulani haina haja kubwa ya nakala yake. Aidha, sababu iliyokiweka Kinyamwezi kando zama za santuri haipo tena: msikilizaji asiyeelewa Kiswahili hapotezi kitu akiimbiwa Kinyamwezi. Kilichobaki ni kwamba maneno hayo, yawe ya lugha gani, yaandikwe na kufasiriwa pamoja na kanda inapotolewa, kazi ambayo wanalugha wa Kiswahili wanaiweza kuliko lebo yoyote.